Pedali za Upande wa Mwalimu

Baba yangu ana jina lake la kwenye cheti, lakini nusu ya madereva wa mji wetu hawalijui. Wao wanamwita Klachi. Jina hilo alilipata kwa kelele zake mwenyewe. Miaka thelathini na moja alifundisha udereva, na kila aliyepita mikononi mwake aliondoka na neno hilo masikioni: klachi, klachi, nimesema klachi, hiyo ni breki. Mpaka leo utaona jitu zima na kitambi chake, dereva wa lori, linapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu na kupaza sauti dirishani, "Shikamoo, Klachi!" Baba huinua mkono akaitikia marahaba, halafu huniuliza mimi ni nani aliyepita.

Nitalisema sasa hivi jambo nililokuja kulijua nikiwa nimechelewa, maana sipendi kumchezesha mtu kombolela. Macho ya baba yalikuwa yanakufa. Daktari aliuita ugonjwa wake presha ya macho. Unaanza kula pembeni, unasogea katikati polepole, mpaka mtu anabaki kuona kilicho mbele yake tu, kama anachungulia kwenye bomba, na mwisho bomba lenyewe linaziba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Baba alielezwa hayo yote, akashukuru, akatoka nje akawasha gari. Aliendesha miaka miwili mizima baada ya siku hiyo na hakugonga hata kuku. Aliweza kwa sababu gari lake lilikuwa la shule ya udereva, lenye pedali pande mbili, na upande wa pili alikuwa ameketi mama.

Asiyewahi kupanda gari la namna hiyo ajue hivi: mwanafunzi anakaa kwenye usukani, na mwalimu anakaa kushoto kwake, kwenye kiti ambacho katika gari la kawaida ni cha abiria. Chini ya miguu ya mwalimu kuna klachi yake na breki yake. Mwanafunzi akiduwaa, mwalimu anakanyaga, gari linasimama, watu wanarudi nyumbani wazima. Baba alikaa kiti hicho miaka yote mpaka zulia la pale likatoboka. Siku alipofunga shule, akahamia kwenye usukani, na mama akakaa kwenye kiti cha mwalimu. Tulimtania baba kwamba amerudishwa darasani. Alicheka kuliko sisi wote, na mimi sikujua kwa nini.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za watoto wa shule, na gari ndilo lililobeba mafurushi yake kwenda na kurudi. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza kabisa wa baba, kabla hawajaoana, na mtihani wa udereva aliushindwa mara tatu. Mara ya tatu aliapa kwamba usukani na yeye basi. Gari lile alikuwa akiliita mke mwenzangu. Asubuhi likigoma kuwaka alikuwa akisimama mlangoni na ndoo ya maji ya rejeta na kusema mwenzangu leo ameamka na kisirani, nendeni mkambembeleze. Mimi nilikuwa naona ni utani wa wazee waliokaa pamoja siku nyingi.

Alikuwa pia na kikohozi. Kila nilipopanda nao, nikiwa nyuma, mama alikuwa akikohoa mara moja, kavu, halafu gari linapungua mwendo. Akikohoa mara mbili, baba anabana kando. Mimi binti yao, mwenye macho yangu mawili, niliketi nyuma yao nikawaza kifua. Nilimnunulia dawa ya kikohozi chupa nne. Alizipokea zote, akanishukuru, akazipanga kabatini juu ya boksi la vifungo, na nilizikuta pale hazijafunguliwa.

Basi gari likafa. Lilikufa kwenye mlima wa kuelekea sokoni, kwa moshi mweupe na mlio kama wa birika, likasukumwa na wapita njia hadi gereji ya yule tunayemwita Fundi Kesho. Jina hilo naye amelistahili, kwa sababu hata ukimuuliza saa ngapi atakwambia kesho. Lakini kazi yake ni safi. Ni mtu wa kupangusa nati kabla ya kuirudisha mahali pake, na akimaliza kazi huweka vipuri vyako vya zamani kwenye kiroba ndani ya buti, uvione mwenyewe, usije ukasema amevila.

Nilikwenda kumsikiliza kwa niaba ya wazee. Fundi alifungua boneti akaanza kunitajia ugonjwa mmoja baada ya mwingine: gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, rejeta imeoza, shokamzoba hazipo ila kwa jina, na chini ya miguu ya dereva bati limeliwa na kutu kiasi kwamba ukiinua zulia unaona barabara. Nikamuuliza angekuwa ni yeye angefanyaje. Akajikuna kidevu.

"Dada, mimi sikatai kazi. Ila gari hii nikiitibu kichwa leo, kesho itaumwa miguu. Iuzeni kama chuma chakavu, mtafute nyingine. Mzee amechoka na gari imechoka."

Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayataka, nikaondoka nayo mbio. Kazi yangu ni ya ofisini, katibu muhtasi, na siku zangu nyingi zinapita katika kupanga majalada na kuchana yasiyohitajika. Napenda meza iliyo tupu. Nikiona kitu cha zamani mikono inaniwasha. Tena nilikuwa nimeshaona gari dogo jeupe la mwenzangu wa ofisini aliyetaka kuliuza, otomatiki, safi, lililokuwa likipelekwa kazini na kurudishwa tu. Nililiwazia likiwa limeegeshwa uani kwetu nikajiona binti mwema.

Tukakaa sebuleni jioni, sisi watatu. Nikayaeleza yote, la kuungua na la kuoza, kisha nikalitaja gari jeupe. Baba alisikiliza akiwa ameelekeza uso ukutani, kwenye kalenda, kama alivyozoea kufanya siku zile. Nikamaliza. Akasema gari lisilo na klachi ni kiti cha magurudumu, na yeye hajafika huko. Nikamwambia ya kale si dhahabu zote, nyingine ni kutu. Akanijibu kipya kinyemi ingawa kidonda. Tukarushiana methali mpaka zikatuishia. Nilitegemea mama ataniunga mkono, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilibebea maji gari lile, ndiye aliyesukuma siku za mvua na gauni lake limelowa mpaka magotini. Mama alikuwa anapindia mikono ya shati. Hakuinua macho.

"Mwenzangu akifukuzwa, na mimi natoka," alisema. "Litengenezwe."

Nilikasirika. Sitaficha, mimi hasira zangu zipo karibu, na siku ile nilizitoa zote. Niliwaambia wanang'ang'ania mzoga. Niliwaambia siku likiwaua wasije wakanililia. Neno hilo nililitamka, kwa mdomo wangu huu, sebuleni kwa mama yangu, naye akakata uzi kwa meno akaendelea kushona.

Leo ninajua walichokuwa wanakilinda. Gari jeupe lilikuwa na pedali upande mmoja tu. Siku baba angekaa kwenye usukani wake, na mama kando yake akiwa na miguu mitupu isiyo na kazi, ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho kuendesha. Baba hakuwa na kitu kingine. Hakwenda kucheza bao, hakusikiliza mpira. Alikuwa dereva, na dereva asiyeendesha, kwa maneno yake, ni mzigo wa kupakiwa. Mama aliliona hilo akaamua kumkopesha macho yake na mguu wake wa kulia, bila kumwambia mtu, ili mumewe aendelee kuwa Klachi. Ninawalaumu wote wawili. Wangeweza kuua watoto wa watu. Ninawalaumu, na bado ninawakumbuka walivyokuwa wakitoka uani asubuhi, baba kanyoosha shingo na mama kakaa wima kama askari.

Nikakubali litengenezwe, ila nikatoa sharti kwamba kazi nitaisimamia mimi. Sababu nilikuwa nayo. Gari bado lilikuwa na kibao cha shule juu ya paa na maandishi milangoni, na leseni ya shule ilikwisha zamani. Askari wa barabarani walikuwa wakilisimamisha kila mara kuuliza. Nikasema angalau likitoka gereji liwe gari la nyumbani, lisiwe shule ya magurudumu manne. Baba aliguna, na guno lake nikalichukua kuwa ndiyo.

Asubuhi nilipokuwa natoka mama alinifuata hadi getini. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Akazitoa pini.

"Mwambie fundi upande wangu asiuguse," alisema. "Afanye kote, ila upande wangu auache ulivyo."

Kiti cha mama kilikuwa na foronya aliyoishona mwenyewe kwa vipande vya sare, bluu na kijani na kahawia, kazi ya miezi. Nilidhani ni hiyo. Nikamwambia wala asijali, mama, hakuna atakayeigusa. Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno, halafu akarudisha pini mdomoni. Kwa nini hakuongeza? Nafikiri alimwahidi baba. Nafikiri pia aliniogopa, baada ya maneno yangu ya sebuleni. Hili la pili ndilo linaloniamsha alfajiri.

Fundi nilimfikishia ujumbe kama nilivyouelewa: kitambaa cha kiti cha mama kisiguswe, kisichafuliwe, kitolewe kwa mikono misafi na kurudishwa. Akasema sawa. Siku tatu baadaye akanipigia simu nikiwa kazini, bosi wangu kasimama mlangoni na karatasi mkononi. Fundi alisema injini imekubali, sasa yuko kwenye usafi wa mwisho, je, vile vya shule ndiyo anatoa?

"Toa," nikasema.

"Vya shule vyote?"

"Vyote, fundi. Gari ibaki gari ya watu."

Nilisikia nyundo ikigonga bati nyuma yake. Kisha akauliza, kwa adabu yake ile, kama si vizuri amuulize mzee kwanza.

"Mzee ukimuuliza atasema acha," nikamjibu. "Wewe toa."

Mimi nilikuwa na kibao cha paani kichwani, na maandishi ya milangoni. Fundi yeye ni fundi. Kwake vya shule ni kila kitu ambacho shule imekiongeza kwenye gari, na cha kwanza katika hivyo ni pedali za mwalimu, na fimbo zake zinazopita chini kwenda upande wa dereva. Alizitoa kwa uangalifu. Akaziba matundu. Akatandika zulia jipya, nene, jeusi, pande zote mbili, na juu ya kiti akairudisha foronya ya mama ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Hakuna alichokosea.

Gari nililirudisha mimi mwenyewe Jumamosi mchana. Liliunguruma vizuri, na nakiri nilijisikia vibaya kwa kuliita mzoga. Baba alilizunguka akilipapasa kwa kiganja, boneti, mlango, kioo, buti, akatabasamu. Mama alichungulia dirishani akaiona foronya yake inang'aa, akanishika mkono akaubana. "Ahsante, mwanangu," alisema.

Jumatatu saa mbili asubuhi walitoka kupeleka sare. Mafurushi yalijaa kiti cha nyuma, na la mwisho, mashati thelathini ya darasa la kwanza, mama alilipakata. Ndiyo maana hakuiona sakafu. Na mguu wake haukumwambia kitu, kwa sababu ya mafunzo ya baba. Kanuni yake ya kwanza kwa walimu aliowahi kuwaajiri ilikuwa hii: mwalimu hakai juu ya pedali. Mguu unauweka kando, sakafuni, umetulia, ukisubiri. Ukiulaza juu ya breki utamvuruga mwanafunzi. Mama aliishika kanuni hiyo kuliko walimu wote. Mguu wake ulikuwa kando, umetulia, juu ya zulia jipya.

Kutoka kwetu hadi kona ya pili baba aliijua njia kwa moyo, kila tuta na kila shimo, angeweza kuipita amelala. Baada ya kona ya pili, upande wa kushoto, palikuwa na lori la mchanga lililokatika ekseli alfajiri ile. Utingo wake alikuwa amefanya inavyofanywa, amekata matawi mabichi akayatandaza barabarani nyuma ya lori ili wenye macho wapunguze mwendo. Walioshuhudia wanasema gari la wazee liliyapitia matawi yale bila kusita. Hawakusikia breki. Liliingia chini ya mkia wa lori kwa upande wa kushoto, upande wa mama.

Walinipigia simu nikiwa napanga majalada. Nilipofika, baba alikuwa amekalishwa kando ya barabara, mkono umevunjika, anauliza kila anayepita mama yuko wapi, na watu wanamwambia ametangulia hospitali. Hakuwa ametangulia popote. Alikuwa hatua tano kutoka pale alipokaa baba, amefunikwa kwa mashati ya watoto, kwa sababu ndicho kitambaa kilichokuwepo. Baba alikuwa amemwelekea usoni na hakumwona, na ndipo nilipofahamu kuhusu macho yake. Hakuna aliyeniambia. Nilimwona tu baba yangu akimtazama mama bila kumwona.

Siku nne baada ya mazishi niliitwa kituo cha polisi kuchukua vitu vilivyobaki ndani ya gari. Askari alinifungulia buti kwa mtaimbo. Kulikuwa na jeki, gurudumu la akiba, na kiroba. Nilikifungua nikijua ni vipuri vya zamani vya Fundi Kesho. Juu kulikuwa na gasketi iliyoungua. Chini yake, zimepanguswa na kupakwa grisi, zilikuwa pedali mbili na fimbo zake, raba ya moja ikiwa imelika upande wa kulia. Nilizishika muda mrefu kabla akili haijafika. Kisha nilikwenda mbele, upande wa mama, nikainama kupitia mlango uliopasuka. Zulia jipya lilikuwa limekunjamana lote kwa mbele, limesukumwa mpaka ukutani, na katikati ya mkunjo palikuwa na alama ya soli ya kiatu chake cha kulia. Askari aliniuliza kama najisikia vizuri.

Fundi nilimwendea siku hiyohiyo, nikiwa nimejaa maneno. Alinipokea amesimama, mikono nyuma. Ningemwambia nini, na mwenyewe aliniuliza mara mbili?

Baba hakulia msibani. Watu walisema ni mshtuko. Wiki ya tatu, nyumba imeshabaki na sisi wawili, nilikuwa namkata kucha za mkono usio na plasta, akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Akanieleza yote niliyokwisha kuyaeleza hapa: macho, kikohozi, mguu. Alisema walikuwa na mpango wao. Mama akikohoa mara moja, yeye anaachia mafuta na kutulia, breki ni ya mama, kwa sababu wakigombania breki gari litayumba. Miaka miwili mpango haukuwahi kuharibika.

"Siku ile alikohoa," alisema. "Nikaachia mafuta. Nikamsubiri."

Nikaacha kukata.

"Nikamsubiri, mwanangu. Hakukanyaga. Kila siku anakanyaga, siku ile hakukanyaga. Nimefikiri sana. Asubuhi ile nilimgombeza kwa ajili ya chai. Nimeona labda alinichoka. Mtu anaweza kuchoka, si kosa. Miaka miwili kumbeba mtu kwa mguu mmoja ni kazi. Nimeona labda alisema basi."

Nilikwenda chumbani nikachukua kiroba chini ya kitanda changu, mahali nilipokuwa nimekificha siku kumi. Nikatoa ile pedali yenye raba iliyolika nikamwekea kwenye kiganja. Aliifunga mkononi. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja pale palipolika, mahali alipopalainisha mwenyewe kwa miaka thelathini na moja, na mama akamalizia.

"Alikanyaga, baba," nikasema. "Haikuwepo. Ilikuwa kwenye buti. Zulia lina alama ya kiatu chake, alikanyaga mpaka mwisho."

Nikaona nikinyamaza hapo nitanyamaza maisha yangu yote.

"Mimi ndiye niliyemwambia fundi azitoe. Aliniuliza mara mbili. Akataka akuulize wewe, nikamkatalia."

Baba aligeuza uso akanielekea, au akaelekea sauti yangu. Nilikuwa tayari kwa lolote: laana, kofi, kufukuzwa. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya kwanza tangu siku ile, na pedali ameibana kifuani kwa mkono wake mzima.

"Hilo nimelisikia," alisema. "Rudia la kwanza."

"Alikanyaga, baba."

"Rudia."

Nikarudia.